Safu ya Nne

Fomu ya idara ya maji ina safu saba.
Ya nne yasema: Jina la kijito.
Nimepewa nafasi ya herufi kumi na mbili
na penseli, kwa kuwa wino ni wa mkubwa wangu.

Naanzia juu, nyuma ya chai ya Minayo,
pale mikaratusi imesimama kama wadai mlangoni.
Maji yatoka kwenye bomba jembamba kama kidole.
Minayo anaziba mtungi kwa jani la mgomba:
"Hiki ni Kavai. Kavai alikichimbua kwa jembe bovu
mwaka wa nzige. Andika."
Naandika.

Hatua mia nne chini maji yamenenepa kidogo;
yamekutana na ya kwa Agoi, hayakusalimiana.
Kwenye kinu cha mahindi
mtu mweupe kwa unga hadi kwenye kope
anacheka: "Kavai gani? Hapa ni Kwa Injini.
Hata watoto wanajua."
Nafuta. Naandika. Karatasi inaanza kuchoka.

Chini ya lami kijito chaingia kalavati,
chatoka na soksi moja, mfuko wa plastiki,
na sauti ambayo hakikuwa nayo.
Wafyatua matofali wamekichepua upande wa kushoto.
Nawauliza. Hawanyanyui vichwa.
"Shilingi."

Shilingi?

"Kuna mtoto, zamani, alitumwa chumvi,
akaidondosha shilingi hapa akiruka.
Akachapwa. Kesho yake akarudi kuitafuta,
na kesho yake, na kesho yake,
mpaka mvua ikaleta matope mapya.
Wa kwa Ingosi. Wale waliohamia Nakuru."

Baba yangu ni wa kwa Ingosi.
Kule Nakuru, katika chumba chetu cha Bondeni,
alihesabu chenji mara tatu,
na chumvi ilipoisha alikwenda dukani mwenyewe,
usiku, hata kukinyesha.
Hakuwahi kututajia mto.

Natia buti majini. Yanafika kifundoni,
rangi ya chai ya jana.
Napapasa: kokoto, kokoto, kizibo cha soda.

Herufi nane. Zinaenea.
Nakandamiza mpaka ncha inakatika,
kisha nafuata ukingo, kati ya matete na viazi,
hadi Yala unapopita, mpana, wenye haraka,
ukakimeza kijito bila kukiuliza jina.

Safu ya tano yataka urefu.
Hesabu yangu ya hatua iliishia matofalini.