Daftari la Breki

Wakili Pruszynski alinipa daftari lenye jalada la kijani,
akasema: Nakijwa, andika. Tarehe, mwendo, hali ya hewa.
Usiandike hofu. Hofu haina namba.

Basi naandika.

Oktoba tisa. Maili arobaini kwa saa. Jua.
Chini ya daraja la reli, hapa Erie, Barabara ya Kumi na Mbili,
kivuli kimejilaza juu ya lami kama mkeka,
gari likapiga breki lenyewe.
Mkanda ukanikaba, chai ikaruka hadi kiooni.
Mbele yangu hapakuwa na kitu. Hata njiwa.

Oktoba ishirini na moja. Manyunyu.
Mfuko wa nailoni ulikuwa unavuka.
Tulisimama kuupisha
kama unavyopishwa msafara wa rais.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Sawa. Lakini gari hili nimelinunua lina maili sita,
viti vyake vikinukia duka.
Liliumwa wapi? Na nyoka gani?

Novemba nne. Mwandiko ni mbaya, nimetumia mkono wa kushoto.
Saa moja na nusu asubuhi, natoka zamu ya usiku kwa wazee wa Millcreek.
Daraja lilelile.
Nyuma yangu bwana Ostrander na pikapu yake,
trei kumi na mbili za mayai ya kanisani.
Breki zake yeye bado zinangoja mguu.

Alishuka na ute wa yai kwenye ndevu,
akaniuliza bila hasira, kama mtu anayeuliza njia:
"Mama, uliona nini?"
Shingo ilikataa kugeuka imjibu.

Mara tatu nimelipeleka kwa wakala.
Mara tatu fundi Dwayne amelichomeka waya kwenye kompyuta
na kunipa karatasi: *Hakuna kosa lililoonekana.*
Sentensi ileile, hata nukta imekaa palepale.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Huku gari bovu huitwa limau, na lina sheria yake.
Nilipoambiwa nilicheka, mara ya kwanza tangu ajali.
Kwetu Usangi limau hukamuliwa.
Hili linanikamua mimi,
dola mia nne na kumi na mbili kila mwezi.

Wakili alisema: sheria hiyo huhesabu siku, huhesabu maili,
huhesabu na safari za gereji.
Kumbe zile karatasi za Dwayne nilizotaka kuzichana
ndizo dhahabu.
Au tuingie kesi ya pamoja na wenzako elfu kadhaa,
na baada ya miaka minne, Mungu akipenda,
upate vocha ya kubadilisha oili.

Kisha akaweka kidole ukurasa wa kumi na tisa.
Hapa ulikubali usuluhishi, ukaiacha mahakama.
Hii sahihi ni yako?
Niliitazama. Niliichora kwa ncha ya kidole kwenye tableti,
mwanangu Kirumbe akijaribu honi,
muuzaji akinipa pipi.
Inafanana na mnyoo.
Ndiyo, ni yangu.

Desemba kumi na moja. Maili thelathini. Theluji nyepesi.
Kulungu jike akatoka mitini,
kulungu kweli, mwenye mvuke puani,
taa zangu zikawaka ndani ya macho yake.
Nikangoja gari lishtuke.

Halikushtuka.

Kilichotusimamisha ni mguu wangu wa kulia,
wenye soksi iliyotoboka, usio na waranti.
Kulungu akanitazama, akaenda zake.

Nikampigia wakili nikiwa bado kando ya barabara.
Alinyamaza. Nikasikia kalamu yake ikikwaruza.
"Maili ngapi?" akauliza.
Thelathini, nikasema.
Mguu ulikuwa bado unatetemeka juu ya pedeli.