Njiti ya Fagio

Mwezi wa tisa haubishi hodi Ndosho.
Unatanguliza upepo, unapima misumari,
unanyanyua pembe ya bati moja, unaiachia: pa!
kama mteja anayefinya kitambaa sokoni
kisha anaondoka bila kununua. Atarudi.

Manjanja, ndivyo tunavyoyaita huku.
Tulinunua kumi na nane, mimi na Kasereka,
mwaka alipouza chukudu yake.
Yaling'aa hadi mama Kanyere wa ng'ambo
akaja kulalamika kwamba yanampiga machoni.
Sasa ni mekundu kama chai ya rangi.
Mlima ule unavuta tumbaku yake usiku na mchana,
moshi wake hushuka na mvua, mchachu,
unalamba bati taratibu, kama mtoto na pipi,
hadi siku ulimi unatokea upande wa pili.

Husema: usipoziba ufa utajenga ukuta.
Waliosema walikuwa na ukuta.
Sisi tuna mbao za mkaratusi juu ya mawe ya volkano,
na ufa wa hapa ni wa ardhi yenyewe, nani atauziba?
Mimi naanza na bati.

Ngazi nimeazima kwa fundi Muhindo.
Alitaka kupanda yeye, dola kumi,
na lami juu yake, dola saba.
"Mama, mwanamke juu ya paa?"
Nilikuwa nimeshaishika ngazi.

Kazi yenyewe ni hii.
Kyakimwa anabaki ndani, amefunga mlango na madirisha,
gizani, macho juu.
Penye tundu, jua linamwonyesha.
Anasimama juu ya meza, anachomeka njiti ya fagio,
na mimi huku juu, nikitambaa kufuata mstari wa misumari
(ukikanyaga katikati, umeingia nyumbani bila mlango),
naiona njiti inachomoza, inatikisika,
kama pembe ya konokono inayopima hewa.
"Mama, umeiona?"
"Nimeiona."
"Na hii?"
"Ngoja, moto umezimika."

Nina kipande cha bidoni ya njano iliyopasuka.
Nakiwasha, kinalia machozi meusi,
tone hapa, tone pale, nalikandamiza kwa kijiko
kabla halijapoa.
Penye msumari uliolegea naweka duara la ndala,
kofia ya msumari.
Ndala ni za Kasereka. Aliziacha alipokwenda Rubaya kuchimba.
"Nitarudi kabla ya mvua," alisema,
hakusema mvua ya mwaka gani.
Ya kushoto nimeshaimaliza.
Ya kulia bado nzima.

Saa tisa, wingu la upande wa Sake limevaa koti.
Watu wanaanua nguo, mtu anamwita mbuzi kwa jina.
Arobaini na moja, nimehesabu,
na mgongo wangu umehesabu zaidi.
"Imekwisha?"
Kyakimwa kimya kidogo.
"Imekwisha."

Lakini nililiona lile aliloliruka,
kule upande wa mashariki, dogo kama punje ya mtama,
bila njiti.
Nyumba yetu haina saa.
Asubuhi doa la jua hupita hapo, hushuka ukutani,
na likigusa msumari unaoshika mkoba wake
ni saa moja, wakati wa shule.
Tangu darasa la kwanza hajachelewa.

Nikashuka. Nikamwambia vizuri tu,
maana bidoni nayo imeisha.
Mfukoni mwa kitenge nilikuwa na mpini mzima.

Akaenda kuleta sufuria ndogo, hakuna aliyemtuma,
akaiweka mahali pake, akaisogeza kidole kimoja,
akatazama juu, akairudisha.

Usiku ikaja.
Paa lote likanguruma, tukaacha kuongea.
Sufuria ikasema neno moja,
ikapumzika,
ikasema tena.