Mfuko wa Ndani

Nilimpima mwenyewe, Jumatatu,
kibarazani pangu hapa Majengo, Moshi.
Bega inchi kumi na nane. Kiuno thelathini na moja.
Mkono ulitulia kama wa mtu anayechomwa sindano
na hataki wanawe wamwone akikunja uso.

Koti la kijivu, alisema. Mfuko wa ndani, kushoto,
ushuke chini zaidi.
Wa nini? Wa Biblia.
Nikashona.

Sasa yeye yuko Karanga, gerezani,
mheshimiwa yuko migombani kwao, chini ya marumaru,
na kesi inasikilizwa hapa kwangu kila jioni
katikati ya harufu ya pasi.

Ruwaichi kinyozi: akili ni nywele,
na kichwa kile nimekinyoa mimi. Kichaa.
Nani mwenye akili afyatue risasi mbele ya bendi ya shule
halafu asikimbie, asimame anatazama tarumbeta?
Usiku alikuwa akihesabu mabati ya jirani, kwa sauti.

Mwalimu Kisanga anavua miwani:
kichaa hangoji miezi saba.
Shamba la baba yake lilipokwenda, aliandika barua kumi na moja,
mihuri ya kupokelewa ninayo nakala zake.
Mwiteni mwendawazimu, na barua zile mmezichoma.

Barua! Ruwaichi anacheka bila kucheka.
Mimi ninazo nne za kibanda changu.
Nimemuua nani?

Mwalimu hana jibu. Anafuta miwani iliyo safi.

Mimi nakanyaga cherehani.
Wakili aliniuliza mara mbili: Mama Ndeshi, alionekanaje?
Nikasema, alionekana ni mteja.
Alirudi Alhamisi, akajaribu koti,
akasema kifungo cha pili kimelegea. Nikakaza.
Akalipa salio, akadai chenji yake, mia tano,
akaihesabu, sarafu moja moja.
Kichaa hudai chenji?
Na mwenye akili ataitumia wapi, siku yake ikiwa kesho?

Hayo niliyasema mahakamani, yakaandikwa.

Lisiloandikwa ni hili:
nilipomaliza mfuko niliupima kwa mkono wangu,
ukazama mpaka juu ya kifundo, ukabaki na nafasi.
Mimi ni mzee wa kanisa mwaka wa tisa.
Biblia ya umbo lile sijaiona.
Nikageuza koti, nikakata uzi kwa meno,
nikapiga pasi.

Wanabishana akili yake ilikuwa wapi.
Yangu hawajaiulizia.
Kesho nina sare za kwaya, kola ishirini na sita,
na taa ya mashine imeanza kupepesa.