Kondo Nambari Arubaini na Moja

Lililetwa ndani ya ndoo ya bati, limefunikwa taulo,
kutoka wodi ya wazazi iliyo chini ya kilima,
Februari, Tartu, theluji magotini.
Bado lilikuwa na joto.
Jina la mama halikuandikwa. Saa iliandikwa:
tisa na robo, usiku.

Mzee Lepaste alivua miwani, akaifuta kwa koti.
"Salme, maji. Vuguvugu. Yatie chumvi, yaonje,
yawe kama machozi."
Nikalikanda kondo, damu ikatoka shingo upande,
kwanza nyeusi, kisha ya waridi, kisha maji matupu.

Nikikanda, alinihadithia waliotangulia kazi hii:
waliochemsha nta wakaitia zinjifuri
wakaisukuma mbio, nayo ikaganda
kwenye njia panda ya kwanza;
waliomimina zebaki, ikapenya hata pasipopenyeka,
mkono mzima ukang'aa hadi kuchani,
halafu siku moja kijitundu kimoja,
na kazi ya mwaka ikabingirika sakafuni,
shanga shanga, nani ataziokota?
Na waliopenda jelatini, laini kwa mishipa midogo,
tamu kwa panya pia.
Hapo alicheka, meno yake mawili ya chuma yakaonekana.
"Kitu hicho lazima kijue kuwa maji," akasema,
"kisha kijue kuacha. Shida yote ni saa ngapi."

Sisi tulikuwa na resini ya meno bandia,
kopo moja, la shemeji yake, halikuulizwa lilikotoka.
Dakika kumi, basi. Baada ya hapo ni jiwe.

Nikashika kitovu, nikasita.
Ateri mbili zinamtoka mtoto na taka zake,
vena moja inampelekea pumzi na chakula.
Chati ya ukutani yasema: ateri nyekundu, vena buluu.
Damu yenyewe yasema sivyo.
Tukabishana mpaka chai ikapoa, ikatiwa moto,
ikapoa tena.
Mwishowe akaniwekea mabomba yote mawili mbele.
"Wewe umezaa. Mimi sijazaa. Chagua."

Vena nikaitia nyekundu.

Hakuna mashine iliyonisaidia, ni kidole gumba tu.
Ukikaza, mshipa unapasuka, rangi inamwagika nyamani;
ukilegea, haifiki.
Nilisukuma kama anayempa mtoto mgonjwa uji,
nikangoja ameze, nikasukuma.
Utando ukaanza kuwiva kwa ndani,
nyuzi, nyuzi za nyuzi,
hadi bomba likanikatalia.

Siku tatu likalala ndani ya magadi makali.
Nyama ilitoka yenyewe, rojorojo, ya kijivu,
tukaimwaga, tukasuuza chini ya bomba
lililotoka maji finyu, tone kwa tone, kwa subira.
Kilichobaki kilikuwa chepesi kuliko yai.
Kichaka chekundu na buluu, hakina ardhi,
kila kitawi kimeishia pale
mtoto alipokutana na mama yake
bila damu zao kugusana.

Ila pembeni, upana wa sarafu, palikuwa wazi.
Hakuna uzi hata mmoja.
"Mkono wangu?" nikauliza.
Mzee alilisogeza dirishani, akaligeuza, akaligeuza.
"Labda mkono wako. Labda damu pia haikufika."
Hakuongeza neno. Nami sikwenda wodini kuuliza
kama nambari arubaini na moja alilia,
ijapokuwa ni mwendo wa dakika sita,
na kila siku narudi nyumbani kwa njia hiyo.

Wanafunzi huja, huketi, huchora.
Wengi hulijaza lile pengo kwa penseli,
bila kufikiri, wapate umbo zuri.
Siwakemei. Mmoja tu, Endel, msichana hajamwoa,
aliliacha wazi, akanitazama.

Usiku ule, nikikata mkate mweusi,
niliona nyekundu chini ya ukucha wa gumba.
Binti yangu akauliza ni nini.
Nikasema rangi.
Nikala kwa mkono mwingine.