Mnoa Visu wa Mudete

Polisi waliuliza, pasta akauliza, wakauliza hata
wanunuzi wa ndizi wasiomjua marehemu yeyote:
nani alaumiwe?
Mimi hawakuniuliza.
Mimi ni mtu wa jiwe na baiskeli,
nakanyaga kutwa bila kwenda popote.

Basi nipige hesabu mwenyewe, maana maiti ni wanne
na kila mmoja ananyoosha kidole pembeni.

Wa kwanza Adagala, aliyepigwa jembe kisogoni
na Luvai, jirani na shemeji yake,
kwa ajili ya hatua tatu za shamba.
Hatua tatu! Ng'ombe akilala hapo
mkia utalala kwa jirani.
Mpimaji aliyeweka bikoni alikuwa na haraka,
alikula kuku pande zote mbili za ua,
mapaja huku, vidari kule,
kisha akapanda pikipiki akaenda zake.
Mwandikeni huyo, kama mnaandika.

Luvai alifungwa miaka sita.
Pale sokoni mtu alikokotoa kwa sauti:
miaka miwili kila hatua.

Mjane hakulia sana matangani.
Shati la mumewe alilikunja bila kulifua,
akalitia sandukuni chini ya sare za shule,
na kila Krismasi, wali ukishaiva,
alilitandaza mezani mbele ya Kisia, mwanawe,
kama mtu anayetandika kitambaa cha wageni.
Kisia alikuwa na miaka saba. Alikula akilitazama.
Hata damu ilipogeuka rangi ya chai
bado aliambiwa, Hii ni nyekundu.

Mama basi?
Ngoja kwanza. Nimemwona akichuma majani chai
asubuhi za ukungu, kikapu mgongoni,
mdomo ukizungumza na mtu asiyekuwepo.
Nani alimpelekea neno jingine la kumwambia mtoto?
Chifu alipeleka blanketi.
Kanisa lilipeleka sukari kilo mbili na wimbo.

Kisia alipofika miaka kumi na tisa
Luvai alikuwa mzee wa meno machache, mfuga sungura.
Alimkuta amechutama mbele ya vizimba.
Sungura, wanasema, hawakuacha kutafuna.

Jioni ile ile umati ukamfikia Kisia mtoni.
Kila mtu jiwe moja.
Jiwe moja haliui, kila mmoja alisema
alipoulizwa, na kila mmoja alisema kweli.

Mama alifuata kabla ya arobaini.
Daktari aliandika: presha.
Karatasi ni nyembamba, haibebi zaidi.

Mwamba ngoma huvutia kwake,
nami tangu mstari wa kwanza navuta.

Kisia alikuja kwangu Jumatano, siku ya soko,
na panga la marehemu babake.
Nikauliza, ndiyo desturi ya kazi:
La kukatia nini?
Nyasi za ng'ombe, akasema.
Nikatema mate kwenye jiwe, nikakanyaga.
Cheche zilikuwa nzuri, watoto walisimama kuzitazama.
Nilimwambia thelathini. Akatoa arobaini,
hakungoja chenji.

Ng'ombe wao waliuza mwezi wa nne.
Mimi ndiye niliyeishika kamba
mnunuzi akihesabu noti.

Sasa jana amekuja Kageha,
yule aliyekuwa tumboni siku ya jembe.
Kisu kimefungwa kwa gazeti.
Cha nini?
Cha mboga, shangazi amenituma.
Nikaegemeza baiskeli ukutani.
Nikamwambia, Tangulia.
Alinitazama kama mtu mzima anavyomtazama mlevi,
lakini akatangulia.

Nyuma ya jikoni kulikuwa na mistari mitatu ya sukuma wiki,
imetobolewa na viwavi, imemwagiwa maji asubuhi hiyo.
Niliinama nikashika jani.
Nikashika la pili.
Kisha nikarudi barabarani nikanoa,
polepole,
na pesa yake nikamrudishia ndani ya gazeti.