Kazi Hii Ina Mbele?

Mbithe, uliniuliza jana tukipanga barua,
saa kumi na mbili na robo, taa ikipepesa juu ya meza:
"Kazi hii ina mbele?"
Nikacheka, nikakosea kisanduku,
barua ya kanisa nikamtilia wakili.

Mbele iko.
Inaanzia mlango wa nyuma wa Posta.
Ukivuka mto pale Globu, mbele kuna Ngara,
mbele kuna Pangani,
mbele kuna ghorofa ya sita isiyo na lifti
na Bi. Savitaben anayekupa maji kwa bilauri ya chuma
kabla hujamwambia leo hana kitu.

Kuna bahasha imeandikwa:
Nyumba ya tatu baada ya fundi wa magodoro.
Fundi alihama zamani, hata pamba yake haipo.
Nyumba ya tatu ipo.
Hilo halimo katika mafunzo yako ya wiki mbili.

Au ulimaanisha ngazi?
Ngazi zimechapishwa, zimebandikwa ukutani karibu na choo:
mbeba barua daraja la pili, la kwanza,
mpangaji mkuu, msimamizi.
Nimekaa daraja moja miaka kumi na tisa
kama stempu iliyogandia mezani.
Usaili nimeuendea mara tatu.
Mara ya kwanza waliniuliza kuhusu uongozi.
Ya pili, kompyuta.
Ya tatu walikuwa na njaa, wakasema,
"Asante, Bwana Oduori, tutakuandikia."
Wataniandikia! Na nani ataileta?

Sikufichi. Bili za stima zimehamia simuni,
taarifa za benki zimezifuata,
wapenzi walitangulia kitambo.
Tumebakiwa na ilani za korti,
viatu vya bei nafuu vinavyonuka gundi,
na barua za pensheni kwa wajane
(hizo, bisha mlango polepole).
Mkoba umepungua uzito.
Bega halijapata habari, bado limeinama.

Basi sikia la mwezi Machi.
Katikati ya rundo la Ngara, bahasha ya kaki:
jina langu, namba yangu ya kazi.
Sikuifungua.
Barua hufunguliwa na mwenyewe ikishamfikia,
na mwenyewe alikuwa kazini.
Nikaisukuma chini kabisa ya mkoba,
nikazunguka nayo Ngara yote, Pangani yote,
ngazi zote za ghorofa sita.
Bi. Savitaben akanitazama miguu:
"Leo unatembea kama umebeba yai."
Saa tisa unusu nikarudi,
nikaitia sandukuni mwangu kwa upande wa ndani,
nikavua kofia, nikazunguka nje,
nikafungua kwa ufunguo, kama raia.

Kupandishwa daraja. Moja.
Kuanzia Julai.
Nastaafu Mei.

Nabwire alihesabu nyongeza kwa vidole,
akapata mabati ishirini na mlango wa chuma.
"Si haba," akasema,
akaiweka barua katika albamu ya harusi, pamoja na bahasha yake.

Kwa hiyo sijui, Mbithe.
Mkataba wako wa miezi mitatu ulikujia kwa ujumbe wa simu,
wewe, mtu wa Posta,
na jambo hilo linaninyima usingizi kuliko mbwa wa jirani.
Ile kozi ya jioni, imalize.
Ukipata pa kwenda, nenda,
usinikawize kwa kuaga.

Ila kesho Pangani ni yako.
Mkanda wa mkoba uupitishe kifuani, usiubebeshe bega moja.
Kalamu mbili; moja wataondoka nayo.
Kwenye geti la kijani kuna mbwa, jina lake Waziri.
Gonga mara mbili,
rudi nyuma hatua moja,
ngoja.