Kamba Ngapi

Njia yake tuliijua tangu Jumanne:
mstari mwembamba kwenye ramani, kama ufa wa sahani,
ukija moja kwa moja Catanduanes.
Ila nguvu zake.
Nguvu hazina mstari.

Saa nne usiku shangazi Epifania akapiga simu kutoka Gigmoto.
Hakuuliza lini, wala wapi.
"Paa nilifunge kamba ngapi, mwanangu?"

Nikatazama picha ya setilaiti: wingu zito, halina jicho,
kipofu anayepapasa mlango.
Kompyuta tano, majibu matano.
Nikashika la katikati, kama mwoga yeyote:
kilomita mia na thelathini kwa saa.
"Mbili," nikamwambia. "Mbili zitatosha."

Bahari chini yake ilikuwa vuguvugu kama uji wa mgonjwa,
na kina kirefu cha joto.
Hilo nililijua. Nililiandika pembeni,
kwa penseli.

Saa tisa na robo jicho likafumbuka,
dogo, la mviringo, safi kama tundu la sindano,
na Rodelio, mwenzangu wa zamu, akaacha kutafuna njugu.
Mia mbili na kumi.
Na bado kinapanda.

Nikapiga. Nikapiga tena.
Laini ikalia kama nyuki ndani ya chupa.

Siku ya tatu kikaratasi kikafika kwa pikipiki,
kimelowa, mwandiko wa kanisani:

Nusu ya paa imebaki.
Nilifunga nne.
Nilikusikia ukimeza mate.